Hodi ya Kompyuta: Tufundishe Mapatano Kabla ya Nywila

Utangulizi

Katika nyumba zetu mgeni haingii bila kubisha hodi. Mwenyeji aliye ndani huuliza, "Nani?" Na mara nyingi mgeni hujibu, "Mimi." Ukilitazama jibu hilo kwa makini utaona kuwa halina faida yoyote, kwa sababu kila mtu duniani ni "mimi". Hata hivyo mlango hufunguliwa. Hufunguliwa kwa kuwa mwenyeji ameitambua sauti. Kilichothibitisha si neno lililosemwa bali koo lililolisema.

Kompyuta haina sikio la namna hiyo. Kompyuta moja ibishapo hodi kwa nyingine kupitia waya, na kuomba mali iliyohifadhiwa huko, sauti zote huwa sawa. Kwa hiyo ni lazima pande mbili zipatane kwanza: mgeni atathibitishwa kwa njia gani? Mapatano hayo huja kabla ya nywila, kabla ya faili, kabla ya jambo lingine lolote. Yakiharibika hayo, nywila ndefu kuliko zote haitamfaa mtu kitu.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, kuwaeleza wanachuo jinsi mapatano hayo yanavyofanywa katika itifaki moja halisi ya kuhifadhi mali ya kompyuta mtandaoni. Pili, kutetea maoni ambayo baadhi ya wakufunzi wenzangu hawayakubali, kwamba mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyafundisha mapatano haya, na kwamba inafaa ayafundishe kabla ya kuwakaririsha watoto kanuni za nywila.

Swali lililotushinda

Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la sita nikimwangalia mwanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Somo lake lilihusu usalama wa kompyuta. Alikuwa ameandika ubaoni kanuni tatu: nywila iwe ndefu, nywila ichanganye herufi na tarakimu, nywila asiambiwe mtu yeyote. Watoto walizisoma kwa pamoja mara tatu, nao walizisoma vizuri. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kama nywila ni siri na asiambiwe mtu, mbona sisi tunaiambia kompyuta? Na tunajuaje kama ni kompyuta yenyewe?"

Mwanachuo alisita, akaitazama saa, akasema kuwa swali hilo halimo katika muhtasari. Sikumlaumu, maana sisi wakufunzi ndio tuliomfundisha hivyo. Tulimpa kanuni bila sababu, naye akawapa watoto kanuni bila sababu. Lakini mtoto yule aliuliza swali lile lile lililowashughulisha wahandisi kwa zaidi ya miaka 40. Kwa kweli aliuliza maswali mawili: je, yawezekana kuthibitisha kuwa ninaijua siri pasipo kuitamka? Na je, mwenyeji naye huthibitishwa na nani?

Mwalimu asiyeweza kuyajibu maswali hayo atageuka mlinzi wa kanuni asizozielewa. Na kanuni isiyoeleweka huvunjwa siku ya kwanza inapoleta usumbufu.

Mfano wa iSCSI

Niliwahi kushawishika kuanza na benki au simu, kwa kuwa mifano hiyo i karibu na watoto. Nimeiacha kwa sababu mapatano yake yamefichwa ndani ya mitambo, wala mwalimu hawezi kuyaonyesha. Badala yake nimechagua itifaki iitwayo iSCSI, ambayo mapatano yake hufanywa kwa mistari ya maandishi inayosomeka.

Itifaki hii ilichapishwa na jumuiya ya wahandisi wa intaneti, IETF, mwezi wa Aprili 2004 katika waraka wa RFC 3720, ikapangwa upya Aprili 2014 katika waraka wa RFC 7143. Kazi yake ni kuiwezesha kompyuta moja kuitumia diski iliyo katika kompyuta nyingine kana kwamba diski hiyo imo ndani mwake. Angalia vizuri: mgeni haazimwi faili moja, bali hukabidhiwa diski nzima, naye huiandika apendavyo. Kwa hiyo kumruhusu mgeni asiyefaa ni sawa na kumpa mtu ghala pamoja na ufunguo wake.

Mgeni anapofika, huanza hatua ya kuingia, na sehemu ya kwanza ya hatua hiyo ni mapatano ya usalama. Mgeni hupeleka mstari kama huu: AuthMethod=CHAP,None. Maana yake ni kwamba, "Niko tayari kuthibitishwa kwa njia ya CHAP, na kama hutaki hiyo, niko tayari kuingia bila kuthibitishwa." Orodha hupangwa kwa jinsi mgeni anavyopendelea. Mwenyeji huitazama tangu mwanzo, na huchagua njia ya kwanza anayoijua na anayoruhusiwa kuitumia. Akiiona CHAP hujibu, AuthMethod=CHAP. Asipoona hata njia moja inayomfaa hujibu kwamba amekataa, na hodi huishia hapo.

Kwa nini wapatane badala ya kuamrishwa njia moja tu? Kwa sababu njia huzeeka. CHAP ya iSCSI ilianza na kinu kimoja cha hesabu kiitwacho MD5, kilichochapishwa mwaka 1992 na kupewa namba 5. Kinu hicho kilipoanza kutiliwa shaka, viliongezwa vingine: namba 6 kwa SHA-1, namba 7 kwa SHA-256, na namba 8 kwa SHA3-256. Mgeni wa leo anaweza kusema "7,5", yaani napenda kipya lakini nakijua na cha zamani, na mwenyeji mkongwe akachagua 5. Bila mapatano ingetubidi kuzibadili mashine zote siku moja. Huo ndio uzuri wa mapatano. Ubaya wake nao hutoka pale pale, kama tutakavyoona.

Somo lenyewe

Somo hili halihitaji kompyuta. Linahitaji chaki, vikaratasi, na watoto watatu mbele ya darasa: Mgeni, Mwenyeji, na Tarishi anayechukua vikaratasi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mgeni na Mwenyeji wakae pembe mbili za darasa wakipeana migongo, ili wasitambuane kwa sura. Mimi hulitumia kwa vipindi viwili vya dakika 40, nalo lina hatua tano.

Hatua ya kwanza ni hodi ya "mimi". Mgeni aandike katika kikaratasi, "Mimi ni namba 12," Mwenyeji asome na kufungua. Kisha mtoto mwingine kabisa aandike maneno yale yale. Mwenyeji atafungua tena, na darasa litacheka. Usiwanyamazishe haraka. Waeleze kuwa watu wazima walifanya hivyo kwa miaka mingi. Itifaki ya NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems katika miaka ya 1980, ilitumia sana njia iitwayo AUTH_UNIX, ambayo baadaye ilipewa jina la AUTH_SYS. Kwa njia hiyo kompyuta ya mgeni hutaja namba ya mtumiaji na namba za vikundi vyake, na mwenyeji huamini. Wabunifu hawakuwa wajinga. Walijenga kwa ajili ya vyumba ambamo kila mashine ilikuwa chini ya uangalizi wa mtu anayeaminika. Kosa lilikuja pale njia ya chumbani ilipopelekwa sokoni.

Hatua ya pili ni kuthibitisha siri bila kuitamka. Mgeni na Mwenyeji wapewe namba moja ya siri, tuseme 7. Mwenyeji ataje namba yoyote mpya, tuseme 15. Mgeni azidishe 7 kwa 15, apate 105. Agawanye kwa 11, na apeleke baki tu, yaani 6. Mwenyeji afanye hesabu hiyo hiyo upande wake, alinganishe, kisha afungue. Tarishi ameona 15 na ameona 6, lakini 7 haikupita mikononi mwake. Hivi ndivyo CHAP ifanyavyo: mwenyeji hupeleka namba ya utambulisho pamoja na swali lililookotwa kwa bahati nasibu, mgeni huvichanganya na siri, huvitia katika kinu, na hupeleka unga. Unga haurudi kuwa mahindi.

Hapa mwalimu awe tayari, maana mtoto hodari atagundua kuwa kinu chetu ni dhaifu. Atajaribu siri ya 1, ya 2, ya 3, na kwa kuwa kuna baki kumi na moja tu, atafika 7 kabla hujamaliza kufuta ubao. Mpongeze mbele ya wenzake, maana amefundisha sehemu ya somo ambayo wewe ungeisema asiisikie. Mtu anayelinasa swali pamoja na jibu lake anaweza kwenda kukaa nyumbani na kujaribu siri moja baada ya nyingine, pasipo kubisha hodi tena. Ndiyo sababu waraka wa iSCSI unakataza siri pungufu ya biti 96, yaani baiti 12, isipokuwa mawasiliano yenyewe yamelindwa kwa njia nyingine. Na mashine zatakiwa ziweze kutumia siri za bahati nasibu za biti 128. Sasa ile kanuni ya "nywila iwe ndefu" imepata sababu, na mtoto ameiona kwa macho yake.

Uliza pia: itakuwaje Mwenyeji akirudia swali la 15 kila siku? Watoto wataona upesi kuwa Tarishi atajibu 6 bila kujua hesabu yoyote. Kwa hiyo swali liwe jipya kila mara.

Hatua ya tatu ni mapatano ya orodha. Mgeni aandike, "Fumbo, Hakuna." Mwenyeji naye awe na orodha yake ya siri, na kwanza iwe hiyo hiyo: "Fumbo, Hakuna." Watapatana kwa Fumbo, na darasa litaridhika. Sasa mwite mtoto wa nne awe Mwizi, asiyeijua siri, naye abishe hodi. Wengi wataanza kubuni namba. Wape muda. Mtoto mmoja hatimaye atang'amua kuwa Mwizi hana haja ya kubuni kitu, na aandike orodha yenye neno moja tu: "Hakuna." Mwenyeji ataitazama orodha yake, atalikuta neno hilo, na atafungua.

Hapa ndipo kiini cha makala yangu kilipo, nami naomba wanachuo wakitafakari. Mwenye mashine aliyeandika "CHAP" mbele na "None" nyuma hudhani kuwa ameweka njia nzuri, pamoja na ya akiba. Amejidanganya. Mpangilio wa orodha ni upendeleo wa mgeni, na mwizi ni mgeni anayejiandikia orodha yake mwenyewe. Neno la mwisho katika orodha ya mwenyeji lina nguvu sawa na la kwanza. Usalama wa mapatano haupimwi kwa njia iliyo bora, bali kwa njia iliyo dhaifu kuliko zote ambazo upande huo uko tayari kuzikubali. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu.

Hatua ya nne ni kumthibitisha mwenyeji. Mpeleke Mwizi akae mahali pa Mwenyeji. Mgeni alete "Fumbo, Hakuna," na Mwenyeji wa uongo ajibu, "Hakuna." Mgeni mpole atakubali, na atakabidhi mzigo wake wote, alama za darasa zima, kwa mtu asiyemjua. Basi mgeni naye afute "Hakuna" katika orodha yake, tena amuulize mwenyeji swali lake. CHAP ya iSCSI inaruhusu jambo hili: mgeni anapopeleka jibu lake anaweza kuambatisha swali lake mwenyewe, na mwenyeji asipojibu sawasawa mgeni hukata mawasiliano.

Lakini kuna hila nyingine. Ikiwa siri ni moja kwa pande zote mbili, tapeli aliyeulizwa swali asiloliweza hufungua mlango wa pili, humuuliza muulizaji swali lile lile, hupokea jibu, na hurudi nalo mlango wa kwanza. Watoto hulifurahia sana igizo hili, kwa kuwa ndivyo wenyewe wanavyotegana vitendawili. Kwa ajili hiyo waraka wa iSCSI unakataza kutumia siri moja kwa pande zote mbili.

Hatua ya tano ni Tarishi mwovu. Mpaka sasa alikuwa akisoma tu. Sasa mruhusu afute na kuandika. Mgeni akiandika "Kinu kipya, kinu cha zamani," Tarishi afute "kinu kipya". Pande zote mbili ni za kweli, siri ni ya kweli, lakini wamepatana kutumia kinu kibovu bila kujua. Waulize watoto: mngegunduaje? Nimewahi kupata majibu mengi, na lililo bora ni hili: baada ya kuthibitishana, kila mmoja amsomee mwenzake mazungumzo yote tangu mwanzo, kwa fumbo ambalo Tarishi halijui.

Hivyo ndivyo walivyofanya wabunifu wa SMB, itifaki nyingine ya kugawana faili mtandaoni. Katika toleo la 3.0, lililokuja na Windows 8 mwaka 2012, mgeni huyarudia maneno ya mapatano baada ya kuthibitishwa, yakiwa yametiwa sahihi, na mwenyeji huyalinganisha na aliyoyasikia. Yakitofautiana, mawasiliano hukatwa. Katika toleo la 3.1.1, lililokuja na Windows 10 mwaka 2015, walikwenda mbali zaidi. Barua zote za mapatano na za uthibitisho hupitishwa katika kinu cha SHA-512, na unga wake huchanganywa katika kutengeneza ufunguo wenyewe wa mazungumzo. Tarishi akibadili herufi moja, funguo za pande mbili hazilingani, sahihi zinakataliwa, na hakuna linaloendelea.

CHAP ya iSCSI haina ulinzi huo. Inamtambua mtu mlangoni, lakini haimlindi njiani. Tarishi anaweza kupitisha maswali na majibu kwa uaminifu, kisha abadili mzigo baadaye. Ndiyo maana waraka wake hutaja IPsec kuwa ulinzi wa mawasiliano yote pale mtandao usipoaminika. Mwalimu aseme jambo hili waziwazi. Asiwaache watoto wakidhani kuwa kuthibitishwa na kulindwa ni kitu kimoja.

"Hakuna" lilivyotugharimu

Wanachuo wataniuliza kama mambo haya hutokea kweli. Nitatoa ushuhuda mmoja. Katika chuo kimoja nilikowahi kufundisha, alama za mazoezi ya kufundisha zilitunzwa katika diski ya mtandaoni ya namna niliyoieleza. Kompyuta moja ya ofisi ilishindwa kuingia kwa CHAP kwa sababu siri yake ilikuwa imeandikwa vibaya. Kazi zilikuwa nyingi na muda ulikuwa mfupi, basi fundi akaongeza "None" katika orodha ya mwenyeji, akasema kuwa ni kwa wiki moja. Neno hilo lilikaa humo miezi saba.

Siku moja wanachuo walikuwa maabara wakijifunza kuunganisha diski ya mazoezi. Mmoja wao alichagua diski isiyo yake katika orodha iliyojitokeza kwenye kioo. Kompyuta ya maabara ilipeleka "None", kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa imepangwa tangu kuwekwa. Mwenyeji akalikuta neno hilo katika orodha yake, akafungua. Kompyuta mbili zikawa zinaandika katika diski moja, kila moja ikidhani kuwa iko peke yake, na kwa muda mfupi mpangilio wa faili ukavurugika kabisa.

Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mwanachuo mwenye bidii na orodha yenye neno moja la ziada. Tuliokolewa na madaftari ya karatasi, na wakufunzi watatu walikesha kuyanakili upya. Hata hivyo daftari moja halikupatikana, na wanachuo wanne walilazimika kurudi shuleni kufundisha tena mbele ya mkaguzi, kwa kosa ambalo si lao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini tulijifunza siku ile kuwa daftari nalo bila mlango hupotea vivyo hivyo.

Ninachotaka wanachuo wakione ni kwamba hakuna aliyevunja kanuni ya nywila. Nywila ilikuwa ndefu, nayo hakuambiwa mtu. Mwalimu aliyefundishwa kanuni tatu za ubaoni angesema kuwa yote yako sawa.

Hoja zinazopinga

Wenzangu wamenipa hoja tatu, nazo zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba mambo haya ni ya wahandisi. Nakubali kuwa majina ya itifaki na namba za nyaraka ni ya wahandisi. Nimeyaandika hapa kwa ajili ya mwalimu, ili asimame juu ya jambo la kweli, wala sikutaka yakaririshwe na watoto. Kinachofundishwa darasani ni hodi, swali, jibu na orodha. Mtoto wa darasa la tano anayejua kugawanya na kupata baki ana hesabu yote inayohitajika. Tena amepata mahali pa kuitumia baki, ambayo kwa kawaida huandikwa pembeni na kusahauliwa.

Hoja ya pili ni kwamba shule nyingi hazina kompyuta. Hoja hii huniunga mkono. Kanuni za nywila ndizo zinazohitaji kompyuta ili zipate maana; igizo la Mgeni na Mwenyeji halihitaji. Mtoto aliyeigiza mapatano chini ya mwembe atakapoiona kompyuta kwa mara ya kwanza atajua la kuuliza.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kwamba tunawafundisha watoto wizi. Mkufunzi mmoja aliniambia kuwa igizo la Tarishi mwovu ni mafunzo ya utapeli. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba mtoto hajifunzi kufunga mlango mpaka amejua unavyofunguliwa. Lakini naikubali nusu ya hoja hiyo, na kwa ajili yake nimebadili ufundishaji wangu. Zamani niliwaacha watoto washindane kuwa Mwizi, na nikaona kuwa ushindi wa Mwizi ndio uliobaki vichwani mwao. Siku hizi kila mtoto anayecheza Mwizi hupewa kazi ya pili: akifaulu kuingia, yeye mwenyewe ndiye asimame mbele ya darasa na kusema Mwenyeji abadili nini ili asiingie tena. Somo haliishi kwa mlango uliovunjwa. Huishia kwa mlango uliorekebishwa na yule yule aliyeuvunja.

Hitimisho

Nawashauri wanachuo mambo manne. Kwanza, anzeni na "Nani? Mimi", maana mtoto analijua tayari. Pili, nywila ije baada ya igizo, ili kila kanuni ipate sababu yake. Tatu, msiache hatua ya nne. Watoto wengi hufundishwa kujithibitisha kwa mashine, lakini wachache hufundishwa kuitaka mashine nayo ijithibitishe. Nne, mkishakuwa walimu na kukabidhiwa daftari la alama, liwe la karatasi au la mtandaoni, ombeni kuiona orodha ya njia zinazoruhusiwa kulifungua. Msiulize tu njia iliyo bora ni ipi. Ulizeni iliyo dhaifu ni ipi, na nani aliiweka, na kwa wiki ngapi.

Yule msichana wa darasa la sita alipata jibu lake. Mwanachuo wetu alirudi wiki iliyofuata na vikaratasi mfukoni, akamwita mbele, akampa kazi ya Mwenyeji. Mgeni alipobisha hodi na kusema "Mimi," msichana alicheka, akatikisa kichwa, na kutaja namba: "Ishirini na tatu. Haya, nijibu."